Kamongo kwenye Geti la Mzee Kashaija

Muleba,
14 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na bibi, na yule mbuzi ambaye nilipoondoka alikuwa amekula kamba ya kuanikia nguo. Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi kidogo, na kiatu cha kushoto kimefungua mdomo. Nimechaguliwa kuwa msaidizi wa maktaba, cheo ambacho hakuna mwingine aliyekiomba. Nafurahi, kwa sababu maktabani mtu halazimiki kuongea.

Sasa nije kwenye jambo lako. Siku ya kuondoka uliniambia kwamba Mzee Kashaija wa Kanazi amekuagiza geti "kama la zile nyumba za zamani za Ulaya", kwa ajili ya jubilei yake ya miaka hamsini ya ndoa mwezi wa kumi. Ulimjibu kwamba hilo ni jepesi, halafu ukaenda nyuma ya karakana ukakaa chini. Nimetafuta. Kuna kitabu kimoja kikubwa kuhusu vyuma vya mapambo vya nyumba hizo. Maelezo yake ni ya Kijerumani, na mimi sijui Kijerumani, lakini picha nimezielewa zote.

Kwanza, vyuma vile havikuchomelewa kwa mashine kama vyako. Vilipashwa moto wa mkaa mpaka vikawa vyekundu, vikapigwa nyundo na kukunjwa vikiwa bado laini. Ncha zake zimejiviringa kama mkia wa kinyonga. Kuna majani ya chuma membamba mpaka unaona mishipa ya jani. Kuna vibaraza vya ghorofani ambavyo uzio wake umetokeza mbele kama tumbo. Nimefikiri sana kwa nini chuma kiwe na tumbo. Nadhani wenye nyumba walikuwa na matumbo, wakataka kuegemea bila kuumia. Mzee Kashaija angefaa sana, ila nyumba yake haina ghorofa.

Pili, na hili ndilo muhimu, karibu kila nyumba ina mnyama wake wa chuma. Hii simba, ile jogoo, nyingine dubu, nyingine samaki. Jirani harudii mnyama wa jirani. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa na nimefikia hitimisho: Wazungu nao wana miziro. Kama sisi, ambao kila ukoo una muziro wake, kitu ambacho watu wake hawakili wala hawakigusi, nao waliweka muziro wao mlangoni ili mpita njia ajue anapita kwa nani. Sijamsikia mwalimu yeyote akilisema hili. Huenda mimi ni wa kwanza.

Nashauri geti la Mzee Kashaija liwe na muziro wa ukoo wake. Hakuna geti la namna hiyo kuanzia Kemondo mpaka Bukoba mjini.

Barua naipitisha kwa Dada Nuriat, anayeleta dagaa jikoni kwetu. Samahani kwa harufu.

Mwanao mtiifu,
Selestine


Kemondo,
28 Julai 2024

Selestine mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliitambua kabla Nuriat hajafika mlangoni, maana paka wawili walikuwa wanamfuata. Bibi yako mzima, anauliza kama unakula. Baba yako alipita Jumapili, amenenepa. Mama yako anasema ni hewa. Mbuzi amekula kamba nyingine, safari hii pamoja na suruali.

Umenifurahisha mpaka nimesoma barua mbele ya wateja. Wazungu wana miziro! Miaka yote nilihisi kuna kitu wanaficha.

Sasa sikia hali yangu. Unajua mageti yangu yote ni ya jua linalochomoza. Kuanzia hapa bandarini mpaka Kanazi jua langu limechomoza kwenye nyumba za watu, na watu wamelichoka. Najibu, fundi wa karakana ya ng'ambo ya barabara, yule anayenunua maua ya chuma ya kiwandani na kuyabandika tu, amenichukulia wateja karibu wote. Juzi amesimama barabarani akaniuliza kwa sauti:

"Dada Clotilda, jua likizama utafanya kazi gani?"

Nikamwambia, "Nitakuja kukuoa, nikuhangaishe."

Watu walicheka. Nilipoingia ndani mimi sikucheka. Mwenye kiwanja amesema karakana ikiendelea kulala hivi, mwaka ukiisha nafasi anampa Najibu. Naye Najibu ameshaniahidi kazi kwake, ya kupaka rangi. Mimi, Clotilda, nipake rangi maua ya kununua! Kwa hiyo geti la Mzee Kashaija ndilo litakaloniokoa au kunizika. Siku ya jubilei kila mwenye nyumba, na kila anayeota nyumba, atakuwa pale. Mzee akilikubali mbele yao, nimepona. Akilikataa, nitafutie brashi.

Muziro nautaka. Mzee mwenyewe siwezi kumwuliza, mshangao utakufa. Watu wa Kanazi nikiwauliza watataka kujua kwa nini. Lakini mjukuu wake si yuko darasani kwenu? Yule Stellah ni mtoto wa mwanawe wa kiume, ukoo ni huohuo. Muulize tu, ni swali fupi.

Shangazi yako,
Clotilda

Hilo la tumbo la chuma nimelielewa. Kuna watu nitawatengenezea.


Muleba,
18 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama na mbuzi amefungwa kwa mnyororo. Kiatu kimeshonwa. Kikohozi changu kimehamia kwa jirani yangu wa kitanda. Mwalimu wa Fizikia amepata mtoto wa kike. Maharage ya muhula huu yana wadudu wachache kuliko ya muhula uliopita. Nimesoma kuhusu kutu: inasemekana chuma chochote kikiachwa bila rangi kinatamani kurudi kuwa udongo, jambo ambalo limenigusa. Mchana kulikuwa na upepo. Juzi pia kulikuwa na upepo.

Muziro wao ni kamongo.

Tafadhali usiniulize nimejuaje.

Najua ulitegemea chui. Mimi pia. Lakini kamongo ana sifa zake: ni samaki anayeishi matopeni, anapumua hewa kama sisi, na hana haraka. Nimeambatisha mchoro. Katika kitabu samaki wa chuma ananing'inia tu juu ya mlango, bila kazi. Mimi nimemwona kamongo, kwa urefu wake, anafaa kuwa komeo lenyewe. Kichwa kitokeze upande wa nje, mkia upande wa ndani. Anayeingia anamshika kichwa na kumwinua, anayetoka anamshika mkia. Kwa njia hiyo Mzee Kashaija ataushika ukoo wake kwa mkono wake kila siku. Nilipoandika sentensi hiyo nilisikia fahari.

Pembeni nimechora majani ya mgomba badala ya yale majani yao ambayo siyajui, na mizunguko ya mkia wa kinyonga pande zote mbili.

Stellah ni mzima. Sijui kwa nini nimeandika hivyo.

Mwanao,
Selestine


Kemondo,
15 Septemba 2024

Selestine mwanangu,

Marahaba. Usidhani nimekaa kimya kwa makusudi. Nuriat alikwama visiwani, ziwa lilichafuka, na barua yako ikakaa huko ikilala na dagaa. Bibi yako ameota umekonda. Mama yako amemnunulia baba yako saa ili ajue muda wa kurudi nyumbani. Amesema inamkaba mkono, hawezi kuivaa.

Kamongo wetu yuko hai! Nimeazima mvukuto kwa mhunzi wa majembe kule Kanazi, nikachimba tanuri dogo nyuma ya karakana, nikaweka kipande cha reli kuwa fuawe la kugongea chuma. Mwanangu, kumbe chuma chekundu ni kitu kingine. Mashine yangu inaunganisha tu, lakini nyundo inakuuliza unataka nini. Nami nilikuwa sijui ninachotaka, kwa hiyo kamongo wa kwanza alitoka kama mchi. Wa pili alitoka kama kandambili. Najibu akachungulia juu ya uzio.

"Dada, huyo nyoka ameugua nini?"

"Ameugua kukuona."

Wa tatu ndiye. Mrefu, ana zile nyuzi zake nne badala ya mapezi, na nimemwekea macho ya gololi za beringi. Yanang'aa. Ukipita anakufuata kwa macho, mpaka paka wameacha kuja. Majani ya mgomba nayo nimeyagonga moja moja mpaka mishipa ikaonekana, na mizunguko imejikunja vizuri mno. Nimesimama mbele yake nikajisalimia mwenyewe.

Jambo moja tu limenishangaza. Mzee Kashaija alikuja Alhamisi. Nikakimbilia kufunika geti kwa turubai, lakini wala hakuliangalia. Alikaa, akaweka kofia magotini.

"Clotilda, ninyi ni ukoo gani?"

Nikamwambia.

"Na muziro wenu?"

"Kenge, Mzee."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu. "Kwenu kuna aliyewahi kuugua kifafa?"

"Hapana, Mzee. Kuna baba mdogo aliyewahi kuugua siasa."

Hakucheka. "Na huyo mvulana wenu, Selestine. Ana haraka ya nini?"

Sikuelewa, lakini siwezi kuacha usemwe. Nikamwambia, "Mzee, kijana wetu akishaamua jambo hatulii mpaka likamilike. Na wazo hili lote ni lake, mimi natekeleza tu."

Akakohoa sana. Nikampa maji.

"Kwa hiyo ninyi wakubwa mnajua?"

"Tunajua na tunamsaidia! Siku ya jubilei utaona mwenyewe, mbele ya wageni wote."

Akasimama akaondoka, kofia akaisahau. Nadhani ni furaha.

Shangazi yako,
Clotilda


Muleba,
22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naomba unisamehe, leo sisalimii kwa urefu. Ile haikuwa furaha.

Lazima nikueleze nilivyojua muziro. Nilijizoeza swali siku nyingi. Nilipanga kumwuliza Stellah maktabani kwa sauti ndogo, lakini yeye hukopa vitabu siku ambazo si zamu yangu. Mwishowe nilimkuta bombani, akiwa na wasichana wengine wa kidato chetu cha tatu. Nikafumba macho, nikasema lote kwa pumzi moja: "Stellah samahani muziro wa ukoo wenu ni nini?"

Ndoo ya mtu ilianguka. Msichana mmoja anayeitwa Annastella akapiga kelele, "Mawe, mama yangu! Sele anachunguza ukoo! Na posa umekuja nayo?" Sikuelewa. Stellah akasema, taratibu kabisa, "Sijui. Nitamwuliza bibi."

Naye akamwuliza. Jumamosi aliomba simu ya matroni, akampigia bibi yake, Bibi Rosalina, na simu ya Bibi Rosalina huwa ina sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake. Mzee Kashaija alikuwa amekaa pembeni akinywa chai. Akasikia mjukuu wake akisema kuna mvulana shuleni anauliza muziro wao.

Shangazi, wewe ulijua? Annastella ndiye aliyenieleza baadaye, tena kwa huruma. Kwamba kwetu ukimwuliza msichana ukoo na muziro wake, ni kwa sababu moja tu, ili kujua kama mnaweza kuoana. Mimi nilidhani ni swali la historia.

Sasa wasichana wananiita Bwana Harusi. Mpishi ananiongezea maharage. Mwalimu wa nidhamu ameniita akaniuliza kama kuna jambo ninataka kumwambia. Nikamwambia kuhusu kutu. Na Stellah amehamia dawati la mbele.

Leo nilikwenda kwa matroni kuomba simu nikupigie. Akaniuliza, "Ni msiba?" Nikasema, "Hapana, ni kamongo." Akanipa dawa ya minyoo.

Tafadhali nenda Kanazi kabla ya jubilei. Mwambie Mzee kwamba lilikuwa swali la geti. Mwambie nataka kusoma mpaka chuo kikuu, na hata huko nitakaa maktaba. Ukisimama kwake siku ile na yeye bado anaamini tumekuja kuposa mtoto wa shule, geti lako atalikataa, nalo ndilo maisha yako.

Jambo la pili ni baya zaidi. Leo wakati wa misa nimekumbuka kwamba muziro haushikwi. Niliandika mwenyewe, katika barua ya kwanza. Halafu nikaufanya komeo. Ondoa kamongo, Shangazi. Weka komeo la kawaida.

Mwanao asiye na amani,
Selestine


Kemondo,
20 Oktoba 2024

Selestine mwanangu,

Marahaba. Bibi yako mzima. Barua yako nimeipata jana.

Jana, Selestine. Nuriat alikwama tena visiwani, akashuka Kemondo asubuhi, akaambiwa niko Kanazi, akanifuata. Alinikabidhi nikiwa nimesimama mbele ya geti la Mzee Kashaija, nimevaa kitenge kipya, geti limefunikwa shuka jeupe, na kwaya inasikika ikiteremka kutoka kanisani. Nilifungua haraka. Nilipofika mahali pa Annastella na ndoo, nilijipiga kofi. Mimi shangazi wa watu, swali hilo nimetumwa kuliuliza mara ngapi kwa ajili ya vijana wa wenzangu! Lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye chuma. Nilipofika mahali pa "muziro haushikwi", Mzee alikuwa ameshafika.

Mpango ulikuwa hivi: shuka linavutwa, Mzee anafungua geti kwa mkono wake, wageni wanaingia kula. Basi shuka likavutwa. Mwanangu, ungesikia vigelegele! Majani ya mgomba yalikuwa yanang'aa, mizunguko imejikunja, mama mmoja akasema, "Hili limetoka meli gani?" Hata Najibu, aliyekuja na simu ili anirekodi nikiaibika, aliishusha.

Halafu Mzee akanyoosha mkono, akaona anachotaka kukishika.

Kwaya ilinyamaza katikati ya wimbo. Ndugu zake wakasogea, wakatazama, wakarudi nyuma.

"Ndiye," akasema mmoja.

"Ana macho," akasema mwingine.

Mzee akaficha mikono mgongoni. "Clotilda, umenifungia nje ya nyumba yangu."

"Mzee, ni chuma tu. Chuma ni chuma."

"Kinanitazama."

"Hakikutazami, ni gololi."

"Kwanza mmetaka mjukuu wangu, sasa mnataka na nyumba!"

Wageni wakanigeukia wote. Nikaona hapa sauti ya kawaida haifai, nikatoa ile ya karakana, ya kushindana na grenda. "Waitu, wazee wangu! Hakuna anayeoa! Mimi ndiye niliyemtuma mtoto aulize muziro kwa ajili ya geti, naye akauliza kama alivyotumwa!"

Mzee akanikazia macho. "Kwa hiyo huyo kijana hataki kuoa?"

"Mzee, huyo hata kusalimia anaona ni safari."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Stellah, aliyepewa ruhusa shuleni na amesimama pale na maua. Nakuambia tu ili ujue. Wengine wakafuata, na padre pia. Mzee akapumua. Jambo lako likaisha hapohapo, unaweza kula maharage yako kwa amani.

Lakini langu halikuisha. Mzee akasema, "La mtoto nimelisamehe. Geti ling'olewe."

Na Najibu, bila aibu: "Mzee, mimi naweza kuleta la maua Jumatatu."

Selestine, niliisikia ile brashi mkononi. Niliisikia mpaka unene wake.

Hapo ndipo Bibi Rosalina alipopita katikati ya watu. Alikuwa amenyamaza tangu kanisani kwa sababu ya viatu vipya. "Mimi sikuzaliwa kwenye ukoo huo," akasema. "Nataka kukaa, viatu vinaniuma." Akamshika kamongo kichwa, akamwinua, geti likafunguka bila hata kulia. Akaingia peke yake. Akavua viatu. Alipogeuka akamwona mumewe bado yuko nje, mikono mgongoni, na ukoo wake wote nyuma yake.

Akatazama komeo. Akamtazama Mzee. Halafu akalifunga geti, taratibu, akasimama nyuma ya mizunguko.

"Rosalina, wageni," akasema Mzee.

"Nawaona. Kashaija, tangu nimekujua unatoka unapotaka na kurudi unapotaka. Mara pombe ya lubisi, mara kikao, mara umesindikiza mtu. Leo piga hodi."

"Rosalina!"

"Piga hodi."

Akatafuta mahali pa kugonga pasipo na samaki. "Hodi."

"Nani?"

"Mumeo."

"Unatoka wapi?"

"Kanisani! Si nimetoka na wewe!"

"Haya, karibu." Akafungua. Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakapanda juu ya kibanda. Bibi Rosalina akasema mbele ya wote, "Geti halitoki," na Mzee akaangalia chini, kisha majani ya mgomba, kisha mkewe, akasema, "Basi, libaki. Ni zuri." Alisema, Selestine. Ni zuri.

Keki ilikuwa haijakatwa, nikazungukwa na wake za watu. Wanataka mageti. Wote wananinong'oneza miziro ya waume zao. Mmoja mumewe muziro wake ni ng'ombe mwenye mabaka. Anataka mzima, na pembe.

Shangazi yako aliyepona,
Clotilda


Muleba,
3 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko wazima na wake za watu wamekuacha ule. Nimesoma barua yako nyuma ya kabati la ensaiklopidia, na mahali pa "ni zuri" nilirudia mara nyingi. Mimi ni mzima, ila maharage yamerudi kiwango cha kawaida.

Stellah amerudi dawati lake. Alikuja maktabani siku ya zamu yangu kukopa atlasi. Akasema, "Babu anasema akikuona atakuchapa. Bibi anasema akikuona atakupa kuku." Nikasema, "Asante." Akasema siku hizi babu yake anarudi nyumbani mapema, kwa sababu Bibi Rosalina akishavua kitambaa cha kichwa hasikii hodi ya mtu. Nikasema "asante" tena, ingawa haikuhitajika. Amechukua atlasi kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa na sikumwambia kitu.

Kuna jambo la kitaaluma ninalopaswa kukujulisha. Alikuja hapa Sista Gisela, mzee wa Kijerumani anayetuletea vitabu. Nilimwonyesha picha ya samaki na kumweleza hitimisho langu kuhusu miziro ya Wazungu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasoma maneno yaliyo chini ya picha, akavua miwani, akalia kwa kicheko. Ile ilikuwa hoteli. Samaki alining'inizwa mlangoni ili wapita njia wajue kwamba humo ndani samaki wanapikwa vizuri. Simba ni hoteli pia, na dubu. Jogoo anaonyesha upepo tu.

Kwa hiyo tumeandika kwenye geti la Mzee Kashaija kwamba ukoo wake unaliwa pale. Sijui kama tunapaswa kumwambia.

Mwisho, Mama ameniandikia. Anasema ile saa ya Baba haijasaidia, naye anataka geti. Baba bado hajaambiwa. Muziro wake ndio wetu, kenge, lakini kama ulivyomwambia Mzee, chuma ni chuma, kwa hiyo naamini kwako haitakuwa shida. Nimeambatisha mchoro. Kichwa kiwe upande wa nje.

Mwanao mtiifu,
Selestine


Kemondo,
24 Novemba 2024

Selestine mwanangu,

Marahaba. Senene wameanza kuanguka, bibi yako amekuwekea bakuli na analilinda yeye mwenyewe. Mbuzi ameuzwa. Tuliona ni bora aende akale kamba za watu wengine.

La Sista Gisela usimwambie mtu. Mzee Kashaija amepiga picha mbele ya geti, ameituma kwa ndugu zake wote mpaka Mwanza. Wazungu wana hoteli zao, sisi tuna miziro yetu, na kamongo hajui Kijerumani.

Mwenye kiwanja amekuja. Ametazama mageti yaliyopangwa hapa, ng'ombe wa mabaka, kobe, na kiumbe kimoja ambacho mteja mwenyewe hakuwa na hakika nacho, akasema nibaki. Nabaki na karakana yangu, kwa jina langu.

Sasa la mama yako. Nilimtengenezea mkia. Mkia haukunisumbua, mkia ni mkia tu. Miguu niliigonga nikiwa natazama pembeni, na kwa hiyo mmoja ni mrefu. Juzi nikafika kichwani. Kichwa kimetoka vizuri, taya, ulimi, kila kitu. Nikachukua gololi ya kwanza, nikaiweka mahali pake.

Ikaniangalia.

Nikasema kwa sauti, "Chuma ni chuma, Clotilda." Nikainua nyundo. Mwanangu, mkono ulikataa kushuka. Nikabadili mkono, na wa pili ukakataa. Nikaifunika kwa gunia, nikajaribu kupigia juu ya gunia, nikahisi inajua. Nikaenda nje, nikanywa maji, nikarudi, gunia limeteleza.

Mama yako anataka geti kabla ya Krismasi. Ukoo wetu wote ni wa kenge, huyo hatashikwa na yeyote kati yetu. Kwa hiyo jana nimevua glavu, nimejifuta uso, nimevuka barabara mchana kweupe, nikasimama mlangoni kwa Najibu.

"Najibu," nikamwambia, "nina kichwa kimoja naomba unimalizie. Siwezi kukishika."

Hakucheka mara moja. Alivua miwani kwanza, akaifuta, akaiweka mezani, akatafuta mahali pa kukaa.

Shangazi yako,
Clotilda